Viatu vya Watu Wawili

Fundi aliviinua viatu vyangu, kimoja kila mkono, akavigeuza soli zikatazama jua. Hakusema neno. Alipitisha kidole gumba kwenye tundu la kiatu cha kushoto, akahamia cha kulia, akakichungulia ubavuni kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akanitazama.

"Kaka, hivi viatu mnavaa watu wawili?"

Nikamwambia ni vyangu peke yangu. Hakuridhika. Akanionyesha: cha kushoto kilikuwa kimetoboka pembeni, karibu na kidole cha mwisho, kitambaa kimekwanguliwa mpaka nyuzi, lakini soli yake bado ina michoro yote. Cha kulia kwa juu kilikuwa kizima kabisa, ila soli imelika sehemu ya mbele ikawa laini kama sahani. Na upande wake wa ndani kulikuwa na mstari mweusi usiofutika.

"Huu mguu unakwaruzwa na kitu kama msasa," alisema, akigonga cha kushoto. "Na huu unasukuma chini. Halafu mwenye huu ana baiskeli. Hii ni grisi ya cheni."

Yote matatu yalikuwa kweli, na mimi sikuwa nimemwambia lolote.

Fundi huyu hukaa chini ya mwavuli pale steji ya Uthiru. Alinitoza shilingi mia mbili za kiraka, akachukua kiatu cha mtu mwingine, akaendelea. Mimi nikaondoka na swali lake. Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ni Mei na bado naliwaza.

## Kitu kimoja, madai mawili

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba naenda kazini Westlands, hapa Nairobi, kwa baiskeli, na kwamba tangu mwaka juzi Jumamosi zangu ni za Kangemi, pale uwanja wa kuteleza wa Shangilia, mimi na mpwa wangu na ubao wetu mmoja wa magurudumu, yaani skateboard. Sitairudia hadithi hiyo. Kitu ambacho sikuwa nimekisema, kwa kuwa mwenyewe sikuwa nimekiona, ni kwamba muda wote huo raba zangu nimezidai mambo mawili yanayovutana.

Baiskeli inataka soli ngumu. Pedali ni kitu kidogo kuliko kiganja, na uzito wako wote unapitia hapo, mzunguko baada ya mzunguko. Soli ikiwa nyembamba na laini hujikunja kuizunguka pedali, na wayo nao hujikunja ndani yake. Asubuhi naenda Westlands kwa mteremko na sihisi kitu. Jioni ni mlima, na kila nilipovaa raba nyembamba, nilipofika Kangemi upinde wa wayo ulikuwa unawaka moto.

Ubao unataka soli laini. Ukiwa juu ya ubao huangalii miguu, unaisikia. Unahitaji kujua bila kutazama kama kisigino kimevuka ukingo, kama vidole viko juu ya skrubu za magurudumu au nyuma yake. Soli nene inakufunga masikio.

Halafu kuna oli, ule mruko wa kwanza ambao kila mwanafunzi wa ubao huufia. Mguu wa nyuma unagonga mkia wa ubao chini, na mguu wa mbele unaburuzwa kwenda juu kwa ubavu wake wa nje ili kuuvuta ubao hewani. Juu ya ubao kumebandikwa msasa. Kwa hiyo kila oli ni kupiga msasa kiatu chako mahali palepale. Mara hamsini kwa Jumamosi moja, mimi nisiye hodari. Mpwa wangu ni mara mia tatu.

Mimi husimama mguu wa kushoto mbele na kusukuma kwa wa kulia. Ndiyo maana fundi aliona watu wawili.

## Raba za kukimbilia

Kabla ya kufikia hapo nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo naona wengi wakilifanya, kwa hiyo nalisema wazi.

Nilikuwa na raba nzuri za kukimbilia, sponji nene, nyepesi. Nikajiambia kiatu kinachobeba mbio hakishindwi na baiskeli. Ilikuwa Novemba, mvua imenyesha usiku kucha, nikiwa napanda karibu na daraja la Kangemi. Nilisimama juu ya pedali nipate nguvu. Mguu wa kulia ukateleza, pedali ikazunguka, na meno yake yakanichana ugoko toka chini mpaka karibu na goti. Nyuma yangu kulikuwa na matatu. Dereva alikuwa makini, namshukuru mpaka leo.

Nilipotulia nyumbani nikaigeuza ile raba. Soli ya kukimbilia ina vimilima na mabonde, kwa hiyo kinachogusa pedali ni vile vilele tu. Ikiloa, vilele vinateleza. Juu ya hapo kisigino kimeinuliwa na sponji ni ndefu, mguu unakaa juu juu kama uko kwenye kiti kirefu. Nikaipeleka kwenye ubao nijaribu. Kwa siku moja tu msasa ulikuwa umeshatoboa ule wavu wa mbele.

Lakini kidonda kilinifundisha jambo. Kazi hizi mbili, pamoja na kuvutana kwake, zinachukia kitu kilekile. Baiskeli ya pedali bapa na ubao vyote vinataka kiatu bapa chini, kisicho na kisigino cha kuinuka, chenye raba inayonata na michoro ya kina kifupi, mguu ukae karibu na kile unachokikanyaga. Kumbe zina mahali pa kukutana.

Baada ya hapo ndipo nikanunua zile raba za kitambaa, soli bapa nyembamba, ambazo fundi alizisoma Februari. Pedalini hazikuteleza hata siku moja. Zilikufa kwa njia nyingine.

## Waliosoma viatu kabla yetu

Fundi wangu si wa kwanza kusoma kiatu pale kinapofia.

Tarehe 16 Machi 1966 Paul Van Doren na wenzake walifungua kiwanda chenye duka mbele yake huko Anaheim, California. Jina la duka likawa Vans. Soli zao za mwanzo zilikuwa na michoro ya almasi kote, na wateja wakaanza kurudi: raba ilikuwa inapasuka pale chini ya vidole, mguu unapojikunja. Wakaongeza mistari sehemu hiyo ili raba isishike ufa. Ule mchoro ambao leo unauona Gikomba, soko letu la mitumba, kwenye kila rundo la tatu ulitokana na ufa.

Vijana wa ubao wa California hawakutengenezewa viatu hivyo. Walivichagua wenyewe kwa kuwa vilinata. Na kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo nililisoma usiku mmoja nikaweka simu chini: kwa kuwa mvulana wa ubao humaliza kiatu kimoja kabla ya kingine, duka lilikubali kumuuzia kimoja. Cha kushoto peke yake. Au cha kulia peke yake.

Kimoja!

Nilikaa kitandani nikiiwaza dunia ambayo unaingia dukani unasema, nipe cha kushoto, cha kulia bado kizima.

Mwaka 1976 walitoa kiatu walichokitengeneza kwa ushauri wa Tony Alva na Stacy Peralta, vijana wa ubao, kikiwa na sponji kuzunguka kifundo. Mwaka 1977 kikafuata chenye vipande vya ngozi pale ambapo kitambaa kilikuwa kinachanika. Ukivitazama kwa mpangilio huo unaona watu wakifuata vidonda vya miguu ya watoto, mwaka baada ya mwaka, wakiviziba. Wapanda baiskeli za BMX, zile ndogo za michezo, nao wakavivaa. Upande mwingine kabisa, kampuni ya Five Ten, iliyoanzishwa 1985 kwa ajili ya wapanda miamba, ilikuwa na raba inayonata kiasi kwamba baadaye wanaoteremka milima kwa baiskeli waliichukua wakaitia pedalini. Viatu vizuri mno. Lakini ukijumlisha usafiri na ushuru, bei yake inavuka kodi ya nyumba yangu, basi mlango huo niliufunga mapema.

## Jozi mbili?

Rafiki zangu wa baiskeli walinipa jibu la haraka: nunua jozi mbili. Ngumu ya baiskeli, laini ya ubao. Yaishe.

Nilijaribu kwa Jumamosi tatu. Nilibeba jozi ya pili kwenye begi na nikabadilisha kando ya uwanja. Ilifanya kazi. Sina malalamiko ya maana kuhusu uzito au usumbufu.

Kilichonishinda ni kule kubadilisha kwenyewe. Nilikaa kwenye ukingo wa zege nikifungua kamba za jozi ya kwanza nivae ya pili, na kushoto kwangu alikuwa mvulana wa miaka tisa hivi anayeteleza kwa ndala, na kulia kwangu mpwa wangu akiwa na viatu vyake vya shule.

Viatu vya shule. Vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba.

"Una viatu vingine?" nilimuuliza.

"Anko, si viatu ni viatu?"

Nilijua jibu la dada yangu kabla sijaenda kulisikia. Kwake viatu vya shule hununuliwa Januari na hutakiwa kufika Novemba. Hakuna bajeti ya katikati. Nilipomwona jioni hiyo alikuwa ameshakiona kiatu cha kulia kilivyokwanguka ubavuni, na hakupiga kelele, alikaa tu nacho mapajani. "Ndugu yangu," aliniambia, "mchezo umempa wewe. Kiatu anampa nani?"

Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyempeleka Shangilia mara ya kwanza. Ule uwanja wa zege uko pale tangu 2013, ndani ya makao ya watoto, na nilikuwa nimempeleka kwa furaha kwa kuwa ubao ni wa kuazimana na mlango uko wazi. Nilihesabu kila kitu isipokuwa miguu yake.

Kuanzia siku hiyo sikutafuta tena kiatu bora cha mtu mwenye chaguo. Nilianza kutafuta kiatu kimoja ambacho mtu asiye na cha pili anaweza kukitegemea.

## Gikomba, asubuhi na mapema

Nilienda Gikomba peke yangu kwanza. Yeyote anayenunua raba za mitumba kwa ajili ya kazi kama hizi, hapa ndipo ningependa asome polepole.

Soli kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya kuokwa: utepe wa raba unazungushwa kiatu kizima, kisha kiatu kinaingia tanurini, raba inakomaa na kushikana. Ndiyo soli ya raba nyingi za kitambaa unazozijua. Laini, nyembamba, unahisi kila kitu chini. Ya pili naiita soli ya kikombe, kwa sababu imefinyangwa kama bakuli na kiatu kinakaa ndani yake, kisha kinashonwa kuzunguka. Utaijua kwa kuangalia mshono unaopita juu ya ukingo wa soli. Ni ngumu zaidi, inachelewa kuzoea mguu, na haiachii haraka.

Za kuokwa ndizo nilizokuwa nikinunua miaka yote. Ubaoni zilikuwa tamu, na kwenye mlima wa jioni zilinitesa. Kwa hiyo nilikwenda nikitafuta kikombe.

Nilipata. Swedi ya kahawia, mshono mzima, ndani safi, haina harufu. Muuzaji, kijana mchangamfu, alisema ni kamera, chaguo la kwanza la belo, yaani furushi la mitumba. Niliikunja ikakunjika pale chini ya vidole, inavyotakiwa. Nikalipa.

Wiki ya tatu soli ilimeguka. Sikugonga chochote. Nilikuwa nashuka kwenye baiskeli langoni kwangu, kipande cha kisigino kikabaki chini kama mandazi ya juzi.

Nimeuliza mafundi wawili na wote walisema neno moja: uzee. Kuna aina ya sponji inayotengenezwa kwa poliurethani, na unyevu wa hewa huila taratibu hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Kiatu kinaonekana kipya kwa sababu hakijatembea, na hicho kukaa ndicho kilichokiua. Muuzaji hakunidanganya. Naye alikinunua kwa macho kama mimi.

Sasa nafanya hivi. Nabonyeza ukingo wa soli kwa ukucha: raba hai inarudi, raba iliyokufa inabaki na alama au inatoa unga. Nainua sponji ya ndani nione gundi. Natazama kama ukingo umepakwa rangi nyeupe, maana rangi huficha nyufa. Nalinganisha namba za miguu yote miwili, kwa kuwa si mara moja nimekuta 42 imefungwa na 43. Nakunja: kikikunjika katikati ya wayo badala ya chini ya vidole, nakirudisha. Na naenda mchana, si alfajiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kitakachokubana saa kumi ya jioni hakitakwambia saa moja ya asubuhi.

Juu ya soli, natafuta swedi. Kitambaa hakifiki mwezi kwenye msasa. Ngozi ya kung'aa inastahimili lakini inateleza na haishiki ubao. Swedi ina manyoya madogo yanayokwanguka polepole, na hapo unanunua muda. Napendelea mbele pawe kipande kimoja kisicho na mishono, maana uzi ndio wa kwanza kukatika, na uzi ukikatika kipande kizima kinafunguka.

Adui wa swedi ni mvua, nalo ni jambo zito kwa mtu wa baiskeli jijini Nairobi mwezi wa Aprili. Ikiloa, ijaze magazeti, iweke kivulini, kisha ipige brashi ikikauka. Ukiianika juani inakakamaa.

## Kiatu kigumu

Nilichonunua mwishowe hakikutoka Gikomba. Duka moja dogo mjini lilikuwa linamaliza akiba, na ndani ya sanduku la chini kabisa kulikuwa na jozi mbili zinazofanana: nyeusi, swedi, soli ya kikombe, chini bapa. Zote namba 42. Mpwa wangu ana miaka kumi na tano na miguu yetu imelingana mwaka huu.

Nilinunua zote mbili. Fedha zilikuwa za kitu kingine, na nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi.

Wiki mbili za kwanza niliona nimepotea. Pedalini zilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa. Niliupanda ule mlima wa jioni na wayo ukanyamaza. Lakini Jumamosi sikuwa na miguu. Nilisimama juu ya ubao kama nimesimama juu ya meza. Nilikosa mkia, nilikosa ukingo, oli niliyoipata kwa mwaka mzima ikanitoroka. Mpwa wangu, ambaye hawezi kulalamika mbele ya zawadi, alikuwa kimya kupita kawaida.

Nilikaribia kuzirudisha. Nilikuwa na risiti mfukoni.

Sijui ni siku gani hasa zililainika. Nakumbuka tu kwamba wiki ya tatu nilikuwa nashuka mteremko mdogo, nikasogeza mguu wa mbele kidogo bila kufikiri, na nikasikia skrubu nne chini ya vidole. Ziko palepale. Nilisimama nikampigia kelele mpwa wangu, naye akapiga kelele kunijibu, kumbe yake ilikuwa imetokea tangu asubuhi na alikuwa ananisubiri niseme.

Soli ya kikombe inakuomba subira mwanzoni. Ile ya kuokwa inakupa raha siku ya kwanza na kuitoa siku kwa siku. Nimeshavaa zote na sasa najua ninayoitaka, ingawa namwelewa kabisa anayeishi juu ya ubao tu na kuchagua ile nyingine.

Kuhusu kamba niseme moja, maana ni usalama. Msasa hukata kamba kwenye matundu ya chini, nayo kamba iliyokatika huning'inia. Kwenye baiskeli cheni iko kulia, ndani ya mguu wako wa kulia. Kamba ikimezwa hapo huna muda wa kufikiri. Funga, kisha chomeka fundo lote chini ya zile kamba za juu, lielekee upande wa nje. Mpwa wangu hana baiskeli na bado nimemfundisha hivyo.

## Likizo ya Aprili

Shule zikafungwa, na kwa wiki tatu mvulana hakutoka Shangilia ila usiku au mvua.

Mwisho wa likizo alikuja kwangu ameficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Kiatu cha kulia kilikuwa kimetoboka ubavuni, tundu la kupitisha kidole. Cha kushoto kwa juu kizima kama kimetoka dukani.

Nikashangaa kwa nini ni cha kulia. Changu kinachoanza kuchubuka ni cha kushoto.

"Anko, mimi si husimama mguu wa kulia mbele?"

Mwaka mzima nimemwangalia akiteleza, na sikuwahi kuona kwamba anasimama kinyume changu. Tukaviweka viatu vyote vinne sakafuni, kwenye mwanga wa mlango. Cha kwake cha kulia kimekufa ubavuni. Changu cha kulia ubavu mzima, soli imeanza kulika. Cha kwake cha kushoto, ubavu mzima, soli imeanza kulika. Changu cha kushoto kimeanza kuchubuka.

Yeye ndiye aliyekiona kwanza. Alinyoosha mkono, akavuta kiatu changu cha kulia kwake, akasukuma chake cha kulia kwangu. Hakusema kitu. Aliniangalia tu kuona kama nitakataa.

Nilikaa nikifikiri. Mguu wangu wa kulia kazi yake ni kusukuma chini na kukanyaga pedali. Haukwaruzwi na msasa ubavuni hata kidogo. Tundu la pembeni, likishawekwa kiraka, haliupunguzii chochote. Na yeye anapata ubavu mpya wa kuumaliza. Tulichomoa zile sponji za ndani, kila mtu akabaki na zake, kwa kuwa zimeshachukua sura ya wayo wa mwenyewe. Tukavaa. Akaruka mara mbili pale sebuleni.

Jumatatu nilimpelekea fundi kile chenye tundu, na nikaenda na kijana mwenyewe. Fundi alikigeuza, akaitazama soli, akautazama ubavu, akatutazama miguu. Alikata kipande cha swedi kutoka kwenye kiatu cha kike kilichokuwa kwenye boksi lake, akakipaka gundi ile ya njano isiyokakamaa ikikauka, akangoja, akakishindilia kwa ndani. Kisha akashona kuzunguka bila haraka.

"Huyu ndiye yule wa pili?" aliuliza, akinielekezea kidevu upande wa mpwa wangu.

Nikamwambia ndiye.

Kijana alikuwa ameinama, analowesha kidole mate na kuusugua mstari mweusi ubavuni mwa kiatu ambacho mpaka wiki jana kilikuwa changu. "Anko, hii grisi haitoki."

"Haitoki," fundi akamwambia. "Hiyo ni ya baiskeli."

Kijana alikiangalia kile kiatu kwa muda, akaacha kusugua, akafunga kamba, akachomeka fundo kwa upande wa nje.